Mshambuliaji Wetu Atafika Ijumaa

Jumamosi, 23 Agosti

Dirisha la usajili linafungwa Ijumaa jua likitua. Ulaya wanauziana watu kwa bei ya bandari nzima. Sisi Kokoto FC wa Mwakirunge tumefanya usajili wetu pia. Nauandika hapa ili baadaye historia isipotoshwe na wenye husuda.

Walioondoka. Kipa kaenda kwa mahasimu wetu, Matangi FC wa Changamwe, kwa sababu wao wana neti golini. Kipa kutamani neti! Mlinzi wa kulia na mlinzi wa kati wamesajiliwa Doha. Si kucheza. Kulinda. Mmoja analinda duka la manukato, mwingine analinda magari yaliyoegeshwa. Msimu mzima hapa hawakumzuia mtu kupita, leo Waarabu wanalala usingizi kwa kuwategemea wao. Mshambuliaji naye ameoa, na mkewe kasema Jumapili ni ya kanisa.

Walioingia: hakuna. Labda tumhesabu mbuzi wa mwenyekiti, ambaye siku hizi analala golini na hajafungwa hata bao moja.

Hata hivyo, msimu huu ni wetu. Moyo waniambia. Mwaka jana uliniambia hivyo hivyo tukamaliza wa pili kutoka mkiani, lakini hilo lilikuwa kosa la refa.

Jioni kikao uani kwa Mama Jalila, mwenyekiti wetu. Yeye huuza saruji, na maneno hayauzi wala hayatoi bure. Mimi nikakaa mbele, kama inavyostahili katibu wa mashabiki na mshika kipaza sauti. Kando yangu akakaa naibu wangu, Mbwana, mtu wa Timbwani kule Likoni aliyeoa huku kwetu. Mbwana ana adabu za kuudhi. Alimwamkia kila mtu, akawauliza wazee hali zao mmoja mmoja, akaniuliza mimi habari za koo langu. Kisha, kwa heshima zote, akataka kujua kama katibu ana habari yoyote njema ya wachezaji.

Ningeweza kusema sina. Kinywa kikasema kina mshambuliaji, mtu hatari sana, kila kitu tayari, imebaki kumalizia tu.

Mama Jalila akanitazama juu ya miwani. Akasema vyema, basi aletwe mbele yake kabla dirisha halijafungwa. Katibu akimleta, abaki na kipaza. Asipomleta, kipaza kiende kwa mwingine. Watu wote wakamgeukia Mbwana. Yeye akainamisha kichwa. Ndivyo wafanyavyo wanaojua wanatazamwa!

Kipaza sikitoi. Nyumbani mke wangu Nyevu hunisikiliza huku akiimba. Kazini mimi ni dalali wa kokoto, na madereva wa malori hunisikiliza huku injini zikinguruma. Jumapili peke yake, nikikishika kile kipaza nikasema neno, uwanja mzima hugeuka. Sina mahali pengine duniani ambapo watu hugeuka.

Jumapili, 24 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza washambuliaji. Nimewapitia waumini wote safu kwa safu. Hakuna hata mmoja mwenye mbio, isipokuwa wakati wa sadaka.

Nyumbani, Nyevu akikuna nazi, akasema ninahangaika bure. Yuko Kai, mtoto wa baba yake mdogo, Mzee Nguma wa Bamba. Kijana huyo alifunga mabao kwenye mashindano ya matanga mpaka wafiwa wakasahau kulia. Nikamwambia jina hilo hilo ndilo nililokuwa karibu kulitaja.

Nikapiga simu. Bamba mtandao hupatikana mzee akipanda juu ya kichuguu. Alipanda. Salamu zikachukua muda wake: hali ya watoto, hali ya mvua, hali ya mbuzi. Nikajibu kwa unyenyekevu. Mzee Nguma ni mkwe wangu, na mkwe habishiwi, hasogelewi sana, wala harudishwi nyuma kusema tena alichokwisha kusema. Hayo niliambiwa kabla hata sijatoa mahari.

Shida ni lugha. Mimi Mgiriama, ndiyo, lakini mzaliwa wa Kisauni. Kigiriama changu ni cha harusini na matangani: naweza kukataa chakula kwa adabu na naweza kulia. Mzee naye akizungumza hachanganyi na Kiswahili. Hata hivyo nilimwelewa. Kijana yuko tayari. Yeye kama baba amekubali. Atamleta mwenyewe kwa mkono wake. Nikauliza siku gani. Upepo ukavuma kwenye simu. Akasema Jumwa. Nikasema, Ijumaa, Baba? Akasema ee, Jumwa.

Nikaelewa. Watu wa bara yetu humeza herufi. Kuuliza mara ya tatu kungekuwa utovu wa adabu, nikashukuru nikakata.

Ijumaa! Siku yenyewe ya kufunga dirisha. Wengine wangeogopa. Mimi najua wachezaji wakubwa wote husajiliwa dakika za mwisho. Nyevu akauliza baba yake mdogo alisema siku gani hasa, maana hesabu ya siku za kule ni... Nikainua mkono. Nikamwambia haya ni mambo ya usajili.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimetangaza. Nilipanda juu ya fungu la kokoto na kipaza mkononi, wachimbaji wakiwa wanakula. Nikasema mshambuliaji atafika Ijumaa. Nikampa jina: Kifaru wa Bamba. Watu wakashangilia, na mmoja akapaliwa na muhogo. Bado ninayo sauti.

Kocha Jacktone hakushangilia. Huyu ni mtu wa Kisumu, alikuja Pwani kutafuta kazi kiwandani, na Kiswahili chake ni cha Nairobi. Akaniuliza huyo msee anacheza na mguu gani. Nikasema yote miwili. Akauliza ni namba ngapi. Nikasema arobaini na mbili. Kumbe alikuwa akiuliza nafasi uwanjani, mimi nikampa kiatu. Sikurudi nyuma. Nikasema mfumo wetu utakuwa mpya.

Mbwana naye akaja kunipa mkono. Akauliza mgeni atafika lini ili wajiandae kumpokea. Nikasema Ijumaa. Akasema alhamdulillahi, siku njema. Sikuipenda ile "njema".

Nimepitisha amri ya usalama. Mpaka Ijumaa jina la Kai lisitajwe nyumbani kwangu, na Nyevu asiniambie lolote linalomhusu. Kuta zetu ni za mabati: zina masikio, na zina mdomo pia. Nyevu akaniuliza, hata kama ni jambo la maana? Nikasema hasa likiwa la maana.

Jumanne, 26 Agosti

Leo kitambaa cha kumkaribishia. Nilikwenda kwa Janice, fundi wa nguo ambaye pia huandika mabango ya harusi. Cherehani ikiwa inalia, nikamtajia maneno: KARIBU KAI. Akaitikia kwa kichwa. Nikaondoka nikiwa na imani.

Jioni nimekikuta kimeanikwa kwenye kamba, kikubwa, herufi nyekundu, kinasomeka kutoka barabarani. KARIBU KAA.

Nikapiga yowe. Janice akasema ndivyo alivyosikia, na rangi hiyo haitoki hata kwa dua. Akasema akijaribu kuigeuza ile A ya mwisho itafanana na ngazi.

Nimetafakari. Mgeni hukaribishwa, kisha huambiwa akae. Maana ipo. Nimekibeba kitambaa mabegani nikapita nacho njia kuu ili watu wakione. Wamekiona. Sasa mtaa mzima unaulizana huyo Kaa ni nani. Vizuri! Siri imezidi kufunikwa.

Jumatano, 27 Agosti

Siku ya ujasusi.

Jumapili tunafungua msimu na Matangi FC hapa kwetu. Kamanda haingii vitani bila kumchungulia adui. Nikaenda Changamwe kutazama mazoezi yao, nikiwa nimejigeuza muuza njugu: miwani myeusi, kofia ya Nyevu ya jua, na kapu. Simu nikaizima. Katika kazi hii simu hulia pale pale usipotaka ilie.

Changamwe ni malori na vumbi, na nyuma ya vumbi ni matangi ya mafuta. Uwanja wao una nyasi, si nyingi, lakini zipo. Neti ni kweli. Yule kipa wetu msaliti alikuwa akidaka mipira kwa furaha ambayo hakuwahi kutuonyesha sisi. Nikazunguka nikinadi njugu kwa sauti ya kawaida ya muuza njugu. Mara kipa akatoka golini, akaja moja kwa moja, akachota njugu, akasema, Katibu, hamjambo huko nyumbani?

Mbele ya watu wote!

Mwenyekiti wa mashabiki wao, bwana mmoja mnene anayeitwa Matthew, akacheka mpaka akashika nguzo. Nilidhani nitapigwa. Nililetewa kiti. Matthew akanisihi ninadi tena. Akasema sauti ile ni neema, inapotea bure kule machimboni. Sikumjibu. Huwezi kumjibu adui. Lakini nilinadi tena, mara kadhaa, na njugu zikaisha.

Niliyoyapeleleza: wana mawinga wawili wapya, na njugu wanazipenda.

Nilipofika nyumbani nikawasha simu. Nyevu amenipigia mara nyingi sana. Na namba nisiyoijua. Sikumpigia yeyote. Mlangoni nikapokewa na harufu ya kuku. Kuku, Jumatano! Uani manyoya ya jogoo ambaye si wetu. Kwenye karai sahani za wageni. Nyevu akasema kulikuwa na wageni. Nikasema karibu yao. Akasema wa kutoka kwao. Nikasema vyema. Akasema, sasa Baba Changawa, kuhusu... Nikamkumbusha amri ya usalama. Kisha akanipakulia shingo.

Mapaja yalikwenda wapi sikuuliza. Nilikuwa na mawinga wawili kichwani.

Alhamisi, 28 Agosti

Njiani nimekutana na Mbwana. Akaweka mkono kifuani, akasema hongera katibu, mgeni wetu ni kijana mwenye adabu wallahi. Kejeli hiyo! Mtu hajafika, ameonaje adabu yake? Nikamjibu kwa ukavu kwamba mgeni yuko njiani. Mbwana akashtuka. Akauliza, kumbe yuko mwingine? Nikasema atamwona Ijumaa kama wenzake wote. Akasema inshallah, akaenda zake akitikisa kichwa. Nimemchanganya. Ni vizuri.

Jioni mazoezini nikaona sura ngeni. Kijana mwembamba, miguu mitupu juu ya changarawe, anakimbia kama aliyeiba. Akafunga bao. Akafunga tena. Akafunga la kichwa. Wengine walikuwa wanampigia makofi. Mimi nikatumia akili: jana nimewapeleleza Matangi, leo Matangi wametuletea wao jasusi. Mambo ni wazi!

Kijana akaniona, akanipungia mkono, akaniita shemeji. Vijana wa siku hizi kila mtu mzima ni shemeji, wapate kukaribia dada za watu. Nikashika kipaza, nikatangaza kwamba uwanjani pana jasusi, na kwa jina la Kokoto FC namwamuru atoke. Wachezaji wakalala chini kwa kicheko. Kocha Jacktone akanisihi niache jokes, wako kazini.

Jasusi akaja mbio. Akainama, akaniamkia shikamoo kwa adabu, akasema amefurahi kuniona hatimaye. Nikamwambia, awaambie waliomtuma kwamba tunawaona. Akajibu aliyemtuma amesharudi jana na ananisalimu sana.

Wananisalimu! Dharau ya Changamwe haina mpaka.

Chakula cha jioni Nyevu akafungua kinywa. Nikamwambia kesho, kesho utasema yote, kesho hata mawe yatasema.

Ijumaa, 29 Agosti

Tangu adhuhuri nilikuwa kituo cha magari. Kitambaa tumekifunga kati ya nguzo mbili. KARIBU KAA. Watu wakakaa! Akina mama waliotoka sokoni, wazee, wachimbaji waliomaliza zamu, wakaja, wakasoma, wakaketi chini ya kitambaa kwa utii. Ngoma ikapigwa. Nyevu alikuwapo, mikono kiunoni. Mbwana alikuja na watu wa swala ya Ijumaa, akajipanga nyuma kwa heshima zake.

Kila gari lililosimama nikainua kipaza. Nimemkaribisha mwalimu mkuu mmoja. Nimemkaribisha sista wa kanisa, aliyenibariki. Nimemkaribisha mtu mwenye ngozi za mbuzi, na huyo alishangiliwa sana kwa sababu alikuwa na mapaja ya mchezaji. Kai hakuna.

Jua likalala upande wa jaa la taka. Mama Jalila akafika mwenyewe kwa miguu, akasimama kando. Nikampigia mkwe. Akapanda kichuguu. Nikauliza kwa adabu kama wameshaondoka Bamba.

Akauliza, nani?

Nikasema, Kai, Baba.

Upepo ukavuma. Kisha kwa mara ya kwanza tangu nioe, Mzee Nguma akanisemesha Kiswahili, polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Akasema Kai alimleta Jumwa, kama tulivyoagana. Akasema yeye mwenyewe alikula nyumbani kwangu, na jogoo alikuja naye yeye. Akauliza kama mimi ni mzima.

Kipaza nilikuwa sijakizima. Mwakirunge yote ilisikia.

Nyevu akasogea. Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa nilimruhusu kusema, akasema yote, mbele za watu, hakuacha kitu. Kwamba wazee wa kwao juma lao lina siku nne tu. Kwamba siku ya nne ndiyo Jumwa, siku jembe linapolala, na mzee kama baba yake mdogo hawezi kuacha shamba siku nyingine. Kwamba juma hili Jumwa iliangukia Jumatano. Kwamba alitaka kuniambia Jumapili nikainua mkono, akanipigia Jumatano nikawa nimezima, akaniambia jioni nikamkumbusha amri, na Alhamisi nikasema kesho.

Kumbe Jumatano mzee na kijana walishuka hapa kituoni wakakosa mwenyeji. Aliyewaona ni Mbwana. Nyanya yake Mdigo naye huhesabu siku hizo hizo, kwa hiyo hakushangaa. Akawapa maji, akawafikisha kwangu, wakala. Kisha akampeleka Kai kwa Mama Jalila akasajiliwa, akidhani mimi ndimi niliyemtuma kwa sababu nina shughuli. Kijana analala kwake kwa kuwa kwetu chumba ni kimoja na mkwe asingekubali. Na yule jasusi wa jana... Sitaki kuandika.

Nikauliza, mbona basi watu wote mnakaa hapa tangu adhuhuri? Wakasema wanamsubiri mchezaji wa pili. Yule Kaa.

Mama Jalila akanyoosha mkono. Akasema hana ugomvi nami, lakini katibu asiyejua mchezaji wake amefika atatangaza nini? Akakichukua kipaza. Mbwana akakataa kukipokea. Akakataa tena. Akasema hakistahili. Wakamsukumia, akakipokea kwa mikono miwili kama anapokea maiti ya mtoto.

Niliumia. Sitafuti neno jingine. Nilisimama pale mikono mitupu, nikasema jambo, sikumbuki jambo gani, na hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Jumamosi, 30 Agosti

Sikutoka.

Saa sita nimepata wazo. Kipaza ni nini? Ni bomba tu lenye mdomo mpana. Nimelikata dumu la zamani, nikatoa kitako, nikapulizia. Sauti inatoka! Lilikuwa la dizeli, kwa hiyo midomo inawaka kidogo na kichwa kinazunguka. Viongozi wengi wamepitia mateso kuliko haya.

Mpango: kesho nasimama upande wa pili wa uwanja, mkabala na Mbwana. Nitamzidi sauti. Umma utachagua.

Nyevu amenipa habari kwamba Kai ananisalimu. Nimemwambia akamwambie nimesamehe.

Jumapili, 31 Agosti

Tumeshinda mawili kwa moja. Siku mbaya sana.

Matangi walifika na basi, jezi za rangi moja na maji ya chupa. Kipindi cha kwanza walitukalia. Mabeki wetu wapya ni wachimbaji wawili walioagizwa wasimame tu, na walisimama. Bao lao likaingia katikati yao kwa utulivu. Kisha upepo ukageuka, moshi wa jaa ukaingia uwanjani. Sisi tumezaliwa ndani yake. Wageni wakaanza kukohoa. Ndipo Kai, kiatu kimoja cheusi na kimoja cha buluu, vyote vya kuazima, akatokea ndani ya moshi akafunga. Kabla hawajafuta macho, akafunga tena.

Mwakirunge ilipasuka! Wazee wakakumbatiana. Kocha Jacktone alilia, akasingizia moshi. Mimi nilikuwa upande wangu, dumu mdomoni, nikipiga kelele tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyegeuka. Mbwa mmoja aligeuka. Ndani ya dumu unajisikia mwenyewe tu, na unajisikia vizuri sana, lakini husikii kitu kingine.

Baadaye Nyevu ameniambia nilichokosa. Eti Mbwana, baada ya bao la pili, alishika kipaza akasema bao hili ni la Baba Changawa, maana ndiye aliyemtafuta kijana, na tumpigie makofi. Eti uwanja mzima ukanigeukia, ukanipigia makofi, wamama wakapiga vigelegele. Mimi nikaonekana nimewapa mgongo nikilipigia dumu kelele kuelekea jaani.

Niliona Mbwana anafanya nini pale. Anataka nihurumiwe. Mtu akitaka kukumaliza kabisa hukusifu mbele za watu.

Nimerudi nyumbani peke yangu, midomo imevimba. Timu yangu imeshinda mechi ya kwanza tangu sijui lini, na katika kata nzima mwenye huzuni ni mimi tu.

Jumatatu, 1 Septemba

Nimelala vizuri. Nimeamka na mpango.

Dirisha limefungwa kwa wachezaji. Kwa mashabiki nani alilifunga? Alfajiri nimemtumia Matthew wa Matangi ujumbe. Nimemwarifu kwamba mimi ni katibu huru, sauti ninayo, na kama zawadi ya kuingilia nina mshambuliaji hatari sana, kila kitu tayari, imebaki kumalizia tu. Hakukawia. Amejibu karibu sana ndugu yetu, Jumapili hii saa tisa nifike Changamwe nitambulishwe mbele ya umma, na nije na huyo mshambuliaji aanze mazoezi akingoja dirisha lifunguliwe.

Basi nikakaa kunywa chai kwa amani. Nyevu akaja akasema ana jambo. Moyo wangu ulikuwa mweupe, nikamruhusu. Akasema jana jioni Mbwana alikwenda kwa Mama Jalila, akakaa huko mpaka akakubaliwa. Kinanunuliwa kipaza cha pili. Changu. Timu itakuwa na makatibu wawili, mmoja kila upande wa uwanja. Mama Jalila atanikabidhi mwenyewe mbele ya watu, Jumapili saa tisa, kabla ya mechi.

Kikombe nilikiweka chini. Nilitaka kulia, kweli, kwa furaha. Niliwaona wote wakigeuka.

Nyevu akaniuliza mbona nashika simu wakati huu, nani huyo ninayemwandikia. Nikamwambia asitie hofu, ni mambo ya usajili, ni siri. Kisha nikawajibu Matthew na Mama Jalila, wote wawili, neno moja: nitakuja.